Mfuko Nilioumwaga

Wodi ya Wanaume,
Kitanda cha Tisa,
Jumatano, 14 Machi, asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi, kuliko simu unazopokea. U mzima? Shemeji je? Kikohozi cha mtoto kimeisha? Mimi na Mama hatujambo. Mimi hasa, tangu uondoke sijapata mshindani wa sura hapa.

Aliye taabani ni Baba. Jumapili alikuwa juu ya paa anafunga tangi la maji la mteja, tumbo likamkata hadi mgongoni, akatapika, tukamteremsha kwa kamba. Daktari anasema kijiwe cha nyongo kimeziba njia, kongosho limevimba. Kaka, sikujua hata kama tuna kongosho. Nilicheka. Sicheki tena.

Maana sasa shida ni figo. Daktari aliona spana mfukoni mwangu, akanieleza kifundi: kongosho likiwaka, maji ya damu yanavuja nje ya mishipa, presha inashuka, figo zinakosa damu ya kuchuja. Nikamwambia, "Hapo umeongea na mtaalamu. Tangi likiwa tupu, koki haina kosa."

Akasema, "Haya, mtaalamu. Ila hii koki ikikaa kavu sana, inakufa yenyewe."

Utani ukaishia hapo.

Wanammiminia dripu, na kila saa wanapima mkojo unaoshuka kwa mpira hadi kwenye mfuko, ndio unaowaambia kama figo zinapata damu. Hilo la kupima jana sikulijua.

Jana mafundi wenzake walikuja kumwona. Baba akaona haya ule mfuko kuning'inia mbele yao, akanikonyeza. Mimi, fundi mtoto wa fundi, nikaumwaga chooni, nikaupangusa ukang'aa, nikajisifu. Sista akaukuta mtupu, akatoka mbio. Daktari akamwambia Mama figo zimesimama, Baba atiwe mpira shingoni, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Mama akashika ukuta.

Kwanza nilimkalisha Mama kwenye benchi, Kaka. Niliogopa. Kisha nikasema, "Sista, nimeumwaga mimi."

"Wewe! Ulikuwa na kiasi gani?"

"Kama nusu kikombe."

"Kama, au nusu kikombe?"

Mimi ninayejua maji ya tangi kwa kuligonga tu, nikabaki kupima hewani kwa vidole. "Mdomo wote huo," akasema, "kumbe macho huna."

Wameisogeza mashine hadi leo saa sita mchana, waone kwanza mfuko utaingia kiasi gani. Ikiwa nilisema kweli, figo bado zina uhai. Ikiwa nilikosea, nimemchelewesha Baba kwa mdomo wangu. Tangu alfajiri nimekaa sakafuni nikiutazama mfuko. Yanaingia matone, meusi kama chai ya rangi, na yanachelewa.

Barua hii anakuletea dereva wa kitanda cha kumi, anaruhusiwa saa tano. Kwa hiyo utaisoma bila kujua ya saa sita. Usingoje kujua. Njoo.

Msalimie Shemeji, mtoto, na mama mkwe wako mkali. Mungu awatangulie njiani.

Sasa hivi Baba kasikia wageni mlangoni, kanikonyeza tena. Nimemwambia hapana. Ndiyo mara ya kwanza maishani kumkatalia, naye amegeukia ukutani.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Fundi Mdogo