Ukili Nilioufumua

Assalamu alaykum, Bibi.

Leo ni siku ya thelathini na mbili tangu tukuzike hapa Makunduchi. Mlango wa uani umetiwa komeo jipya. Kuku wako mweupe anatagia ndani ya pakacha lako la kuwekea miaa na hakuna anayethubutu kumtoa. Shangazi Mize amenikabidhi ukili uliouacha, utepe wako wa miaa iliyosukwa, niumalizie, tuushone mkeka wa kukalia wasomaji wa hitima yako. Nimeukunjua barazani asubuhi hii, wote, kwa mara ya kwanza. Bibi, nna jambo la kukuomba radhi.

Unakumbuka tulivyobishana? Nilikuja kutoka Mjini na vitabu vyangu vya kufundishia hesabu, nikakwambia mistari myekundu ya ukili wako ni ruwaza. "Ruwaza ndo mdudu gani, mke mwenzangu?" Nikakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi: kitu kinachojirudia kwa kanuni. Ukacheka mpaka miaa ikakuponyoka. "Na lile bomba lako la Mjini linalovuja, to, to, to? Nalo nakshi?" Kisha ukaacha kucheka. "Mie nnaona nakshi ni pale mwengine anapoweza kupokea, akajua pa kwenda."

Nilisema hilo halipimiki.

Alasiri ile ile ulinipa nikusukie kidogo, ukaenda kusali. Uliporudi uliutazama ukili, ukaupitishia kidole, ukaendelea kusuka.

Halafu ukaugua. Ulisuka kitandani, ukili umeviringwa chini, mwisho wake mapajani mwako. Siku moja mchana, umelala, nikaona mwaa mwekundu umepita chini badala ya juu, ukaacha doa jeupe, dogo kama punje ya mchele. Nikajua mikono imeanza kukusaliti. Sikutaka mtu alione. Nikaufumua mpaka hapo, nikausuka sawasawa. Nilijiona nakupenda.

Ulipoamka ulipagusa palepale. "Umepita hapa, mwanangu?"

"Nimekurekebishia, Bibi."

Ukakiondoa kidole. "Haya. Ahsante." Ukauweka kando. Hukuushika tena, na Ijumaa yake...

Leo ndio nimeona. Mwanzoni kabisa mwa ukili kuna doa jeupe. Ni langu, la alasiri ile. Nimeujua mkono wangu, unavyokaza mno. Mbele yake kuna doa jengine, na hilo ni lako, laini. Halafu jengine. Nimepima kwa kamba: masafa ni yale yale. Pima moja, ya mikono yako miwili ikinyooshwa. Na nilipohesabu pima iliyofuata, kamba iliishia pale nilipofumua.

Hukulifumua kosa langu, Bibi. Ulilirudia hadi likaacha kuwa kosa. Na mimi, mwenye kanuni, nilitazama kipande kilichokuwa mapajani mwako tu, nikahukumu.

Sijui kwa nini hukuniambia. Labda ulichoka. Labda ulingoja nione mwenyewe. Hili ndilo linaloniuma, kwamba siku zako za mwisho ulidhani nimepokea na sikujua pa kwenda.

Shangazi alipoyaona madoa alisema, "Yafumue hayo, watu watasema mamangu alizeeka vibaya." Nikamwonyesha kamba, doa kwa doa. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Basi usiuharakishe, ushone utakapokwisha. Hitima tutakalia majamvi."

Nimeshafumua kile nilichokirekebisha. Nimelirudisha doa lako. Limekaa upande kidogo, lakini lipo mahali pake.

Kwaheri, Bibi yangu. Mola akukunjulie kaburi lako. Nitausuka mpaka mwisho, na kila pima nitaacha punje moja nyeupe. Mikono yangu ni mirefu kuliko yako, kwa hiyo sitapima kwa mikono yangu. Kamba nimeikata kwa kipimo chako, nimeifunga kifundoni mwa mkono wa kulia.

Mjukuu wako, mke mwenzio.