Kura ya Heshima kwa Baba Mkwe

Cheyenne, Februari 1893

Mke wangu Lavinia,

Mimi mzima, ila maharagwe ya hoteli yamenichosha. Kondoo wameanza kuzaa?

Sisi wabunge wa jimbo bado tunatafuta seneta wa kumpeleka Washington. Kila adhuhuri tunapiga kura, na hapatikani mtu. Jana nikampigia baba yako, kura ya heshima tu, apate la kujisifia. Kumbe wenzangu wamependa mzaha huo. Leo wamesimama mmoja mmoja: “Enoch Purdy.” “Na mimi, Purdy huyo huyo.”

Jina langu husomwa la mwisho. Lilipofikiwa, baba yako alikuwa amebakiza kura moja tu ashinde. Nikajiuliza: Mtu anayegombana hata na jiko la kuni, atuwakilishe?

“Vipi, Bwana Yoakum,” Spika akauliza, “unamnyima mkweo?”

“Namnyima.”

Wakacheka mpaka machozi. Kiti kimebaki kitupu.

Nilipoketi ndipo nikakumbuka kwamba seneta hukaa Washington miaka sita, na kwamba baba yako anakaa kwetu.

Usimwambie. Nawe, mama, nihurumie.

Mumeo mpumbavu,
Thaddeus