Shamba la Ufuta la Baba Somoe

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepata nafuu na baridi ya huko Njombe imeanza kukuachia. Mimi mwili ni mzima. Huku Ruangwa nyasi zimekauka, mikorosho imeanza kutoa maua, na maji tunayafuata mbali. Nakula, nalala, nafundisha. Ukiniuliza habari za moyo, hizo ndizo zimenifanya niandike, maana kwenye simu nisingezimaliza.

Juzi uliniambia kwamba dada Atukuzwe amekuonyesha picha yangu, nimevaa fulana ya kijani na kushika mche, nawe umewaonyesha kina mama wa kanisani. Ulifurahi mno, nikashindwa kukukatisha. Tafadhali usiionyeshe tena. Nitakueleza ilipigwa wapi.

Unajua mimi ndiye mlezi wa klabu ya mazingira hapa shuleni. Tulianza vizuri. Watoto walijaza udongo kwenye viriba, wakaotesha mikongo na mininga kwa mbegu walizookota wenyewe porini. Aliyekuwa mbele ya wote ni Somoe wa darasa la sita, msichana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Baba yake, Mzee Saidi, analima ufuta bondeni kando ya kijito, palepale alipolima marehemu babu yao. Mwaka huu alikata miti michache ili shamba liongezeke. Kijiji kizima kinajua, kama kinavyojua malori yanayopita hapa na magogo chini ya maturubai, na hakuna anayeyasimamisha.

Mwezi wa tano tukaambiwa wafadhili wa shule za kijani wanakuja kupanda miti. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Mvua zimekwisha, miche itakufa. Tuwaombe waje masika."

Akanijibu, "Wageni hawapangiwi ratiba na mvua, mwalimu."

Wakaja. Hema likafungwa, watoto wakaimba. Mgeni mmoja, mama mpole tu wa watu, akashika kipaza sauti akauliza, "Nani anaweza kuniambia, miti ya kijito chenu inakatwa na nani?"

Somoe akanyoosha mkono, akasimama. "Baba yangu alikata, apate kulima ufuta. Na watu wa malori wanakata kule mlimani."

Maneno ya kwanza yakapigiwa makofi. Ya pili yakapotelea humo humo kwenye makofi. Mtoto akavishwa kofia, akaambiwa ni shujaa. Nilimtafuta mama yake kwa macho upande wa wazazi. Alikuwa ameinama, anavuta pindo la khanga.

Kesho yake mtendaji wa kijiji alikwenda na mgambo kwa Mzee Saidi. Wakamwamuru ang'oe ufuta wake kwa mikono yake mwenyewe, ufuta ambao ulikuwa umeshaanza kugeuka rangi, tayari kukatwa. Nasi tukapelekwa bondeni, wageni na watoto, tupande miche palepale. Mama, ufuta kwa watu wa huku ndiyo sabuni, ndiyo sare za shule, ndiyo bati la nyumba. Mzee aliinama aking'oa mstari kwa mstari.

Nilimwambia mwalimu mkuu, "Mwacheni avune kwanza. Mashimo ya miche hayahitaji shamba zima."

"Shika mche," akasema. "Mpiga picha anasubiri."

Nikashika. Huo uso unaoona kama unacheka, mama, ni jua lilikuwa machoni.

Somoe alivua kofia akakimbilia shambani, akaanza kukusanya mashina aliyokuwa akiyang'oa baba yake. Mzee akamwambia jambo kwa Kimwera. Mtoto akasimama, akarudi nyuma, akabaki katikati, si kwetu, si kwa baba yake. Baadaye mama yake alinitafsiria: "Nenda kwa walimu wako."

Miche imekufa yote. Iliyosazwa na jua ililiwa na mbuzi. Malori yanapita kama kawaida. Somoe naye alipelekwa kwa shangazi yake katika kijiji cha Mtua, huko Nachingwea, kwa sababu hapa kijijini watu walikuwa wakinyamaza kila alipopita.

Nilikwenda kwa Mzee Saidi kumwomba radhi. Nilitegemea matusi. Alinipa kigoda nikae.

"Mwalimu," alisema, "mtoto simfukuzi kwa kusema. Kusema, kasema kweli. Nimempeleka mbali asije akaulizwa tena."

Nikaomba ruhusa shuleni, nikachukua pikipiki hadi Mtua. Somoe alikuwa uani anamenya mihogo na shangazi yake. Tangu afike hajakanyaga shule. Aliniamkia, akaendelea kumenya, kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Mwalimu, nilikosea jibu?"

"Hukukosea."

"Sasa mbona mimi nilipewa kofia, baba akang'oa ufuta?"

Nilimwambia tu tukatafute shule. Tukaenda watatu, na walimu wa kule wamempokea vizuri. Nasikia baba yake alimpelekea sare kwa baiskeli, wakakaa pamoja barazani hadi jioni. Kumrudisha nyumbani, bado.

Ulezi wa klabu nimeuacha. Mwalimu mkuu amenuna, anasema namwangusha, maana shule yetu imependekezwa kupewa tuzo. Nimemwambia aipokee yeye. Tangu hapo hatusalimiani zaidi ya inavyolazimu, na viriba vya watoto vimerundikwa nyuma ya choo.

Nisalimie baba, asijichoshe na kuni wakati vijana wapo. Nisalimie dada Atukuzwe na shemeji, na bibi mzaa baba, mwambie bado nasali. Na mdogo wangu Baraka, huyo anayesomea ualimu, msomee barua hii yote. Mwambie siku mgeni atakapowauliza watoto wake swali la namna ile, asimame yeye ajibu, watoto wakae.

Ni mimi mwanao ninayekukumbuka,
Edina