Posa ya Juma na Supu ya Tanga

Jumatatu, 14 Juni 1954
Nimeamkia Tanga, mgongo hauna hamu. Lori la jana lilikuwa na misumari mingi kuliko mbao. Nimetoka kwetu Msambweni, nimekuja ng'ambo hii ya mpaka kumposea mwanangu Juma binti aitwaye Mwanasiti. Baba wa binti ameshakubali, lakini kwetu Wadigo baba ni pambo tu. Mwenye neno ni mjomba. Na mjomba mwenyewe ni Rashidi, mtani wangu. Babu zetu walitaniana mpaka makaburini. Kazi rahisi.

Kesho amenialika supu mgahawani, Ngamiani. Wanachinja mbuzi, hawatupi kitu ila mlio wake.

Jumanne, 15 Juni
Moshi mtupu. Kichwa kikaja kizima, meno nje, kinanicheka. Utumbo umesukwa kama nywele za bibi harusi. Mapafu, bandama, ulimi. Nimekula mpaka macho. Yanateleza. Matamu, nisiseme uongo. Rashidi ananichagulia vinono kwa mkono wake, wazee wa kwao wanatazama. "Karibu, mkwe, usione haya."

Mwisho zikaja pumbu za mbuzi, zimekaangwa, zimekamuliwa ndimu. Nikamsukumia sahani. Nikasema wote wasikie:

"Kula wewe, Rashidi. Huenda safari hii ukapata mtoto."

Nikacheka. Peke yangu.

Akanawa mikono. "Mwanasiti nimemlea mimi tangu anatambaa. Umekuja kuniomba yeye, kisha waniambia sina mtoto?"

Akaondoka. Wazee nyuma yake. Nimebaki na fuvu la mbuzi.

Mpumbavu mimi.

Jumatano, 16 Juni
Sikupata usingizi. Tangu nilipoleta posa, Rashidi si mtani tena. Ni mkwe. Na mkwe hataniwi, hata vitoto vya Msambweni vinajua hilo. Mimi nimeuona mdomo wangu mtamu kuliko supu.

Nimekwenda kwake. Hawakunifungulia. Nimekaa barazani mpaka Magharibi, wapita njia wananiamkia, siwezi kuwatazama. Juma kule nyumbani ameshapaka chokaa chumba. Nitamwambia nini? Natafuta mzaha wa kuandika hapa, sina. Naona haya, basi.

Alhamisi, 17 Juni
Leo ametoka. Nimevua kofia, nimemwomba radhi mbele ya wazee wale wale. Hakunipa mkono.

"Kijana hana kosa," alisema. "Ndoa ipo. Ila siku hiyo, wewe nisikuone."

Nikajibu, "Inshallah, mkwe."

Alhamisi, 15 Julai
Wamekwenda wote Tanga. Mdogo wangu ndiye atakayekaa mahali pa baba. Juma aliniaga kwa kunibusu mkono, hakuuliza kitu. Kwa hiyo anajua.

Nyumba kimya. Sasa hivi huenda wanasoma hotuba ya nikahi.

Majirani wanauliza mbona nimebaki. Nasema goti. Mama Hamisi wa nyumba ya pili ameniletea mafuta ya kuchua, akasimama kungoja. Nimekunja kikoi, nimelichua goti zima lisilo na ubaya wowote. Taratibu. Mpaka alipokwenda zake.