Nilidhani Daktari Amesema kwa Bidii

Hospitalini, Homa Bay

Kwako Mama Robi,

Pokea salamu zangu kutoka kitanda cha karibu na dirisha. Je, wewe na watoto mko salama? Robi kikohozi kilimwacha? Na mama, magoti yake yanaendeleaje na baridi hii? Mimi napumua, nakula, na jina la Mungu bado nalitaja. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Katika barua yangu ya kwanza nilikuambia daktari amesema nitatembea. Nikakuagiza umwambie ndugu yangu Marwa asiguse shamba la juu, kwamba nitakuja Ntimaru kulilima mwenyewe. Akinyi mke wangu, yafute hayo. Sikukudanganya. Nilisikia vibaya.

Unajua shimo la dhahabu la Macalder lilivyotuangukia katika mvua hizi za El Niño, na jinsi wenzangu walivyonileta huku kwa sababu barabara ya kwenda Migori ilikuwa tope tupu. Daktari wa hapa ni mzungu mzee, mpole, Kiswahili chake kinaishia kwenye jambo na asante. Asubuhi aliyonieleza habari za mgongo wangu, sista anayemtafsiria alikuwa ameitwa wodi ya akina mama. Akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikasema najua. Mtu aliyefika kidato cha pili angejibu nini mbele ya wodi nzima? Akaketi kitandani pangu, akaniambia polepole, "Mwita, you will hardly be able to walk."

Hard naijua. Work hard, tuliambiwa shuleni kila siku. Kwa hiyo nilichosikia ni hiki: Mwita, utaweza kutembea, ila kwa bidii. Nikamshika mkono nikamshukuru. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akanigusa bega, akaenda.

Basi nikatia bidii. Kila asubuhi nilijivuta hadi ukingoni mwa kitanda, nikashika vyuma, nikajaribu kusimama. Miguu inasikia ukiifinya, lakini haibebi. Nilianguka mpaka kidevu kikapasuka. Ouma, mvuvi wa kitanda cha jirani, alikuwa akinishangilia, "Kaza, Mkuria! Kaza!" Mama yako alipotoka Lambwe kuja kunijulia hali, alinikuta sakafuni. Alisimama mlangoni akageuza uso, maana si heshima mama kumwona mkwewe katika hali ile. Akanipa pole tu kama mwanawe, "Mos. Mos, wuoda." Nami nikamjibu kutoka pale chini, "Mama, usinisikitikie. Daktari amesema nitaweza." Akatabasamu. Alirudi nyumbani na neno hilo.

Baadaye akaletwa Mwalimu, mtu wa Migori aliyevunjika mkono. Kukaa bure hakuwezi, akaanza kutufundisha Kiingereza mchana, kabla ya chai. Siku moja alitufundisha maneno ya kutia katikati ya "will be able to", ili msikiaji ajue utaweza namna gani: kama ni karibuni, kama ni kwa urahisi, kama ni labda. Akataka kila mtu atoe lake. Ouma akasema, "I will soon be able to fish." Mzee wa kitanda cha pembeni akasema, "I will probably be able to go home." Wakapigiwa makofi. Ilipofika zamu yangu nikajiinua kwa viwiko, nikasema kwa sauti, na kwa furaha, "I will hardly be able to walk!"

Mwalimu hakupiga makofi.

"Mwita, nani amekupa sentensi hiyo?"

"Daktari mwenyewe."

"Aliisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akamgeukia Ouma, akaanza kumrekebisha neno ambalo Ouma hakulikosea. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Niambie."

Akaja akaketi kando yangu. "Ndugu yangu, hard ni bidii. Hardly si bidii. Hardly iko karibu na hapana. Amekuambia hutaweza kutembea, na hata ukiweza, labda ni hatua za taabu za kufika mlangoni."

Kesho yake nilimuuliza daktari, sista akiwepo. Ilikuwa hivyo. Sista alitafsiri akitazama shuka, hakunitazama mimi. Daktari akaomba msamaha. Alisema siku ile nilipomshukuru, alidhani mimi ni mtu jasiri sana.

Tangu hapo sijajaribu tena kusimama. Ouma naye hanishangilii. Huniletea maji, anayaweka, anaondoka. Nimelia, Akinyi. Nakuambia wewe peke yako.

Niliuliza nitaweza nini basi. Daktari akasema nitaweza kuketi, na mikono yangu ni mizima, itafanya kazi. Nilimuuliza sista mara mbili kama hakuna kaneno kengine kamejificha humo ndani. Akasema hakuna.

Sasa nisikilize. Marwa alime shamba la juu, na la mtoni pia, asingoje. Mama mwambie wewe mwenyewe, taratibu, akiwa ameshakula. Usimtume mtoto. Mama yako pia mwambie wewe, mimi nimeshindwa. Na ndugu zako wakikuita Lambwe ukapumzike kidogo, nitajua maana yake, wala sitamlaumu mtu. Uliolewa na mwanamume mwenye miguu. Lakini kama unakwenda, nenda kabla sijafika. Kukuona ukifunga mizigo sitaweza, na hapo hakuna neno la kulainisha.

Nisalimie mama, mwambie namwombea. Msalimie Marwa na mkewe, shangazi anayetukamulia ng'ombe, na mchungaji wetu. Robi na mdogo wake wakumbatie kwa niaba yangu.

Wanasema mvua ikikatika watanileta kwa gari la hospitali. Litaishia barabarani, mteremko wetu haliuwezi. Waambie wanawake wasije na vigelegele. Aje Marwa wa kunibeba. Na kama bado uko, njoo na wewe, utembee upande wangu wa kulia, niwe na mahali pa kutazama.

Mimi mumeo,
Mwita