Kiti cha Kumi na Nne

Torino, 19 Novemba 1973

Dada yangu Ernesta,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Mondovì. Nimesikia goti linakusumbua tena kwa baridi, na bado umefunga mizigo uje huku. Ifungue. Sababu utaiona.

Alhamisi ile Markiza Clotilde aliandaa chakula cha watu kumi na wanne, yeye akiwamo. Renzo wako alikodiwa kuhudumu. Maktabani alisubiri Vaglio, muuza vitu vya kale. Hakuitwa mezani, kwani watu wale hununua kwa muuzaji lakini hawali naye. Nyama ilipoletwa Vaglio alikuwa hai. Baada ya zabaione, ile krimu tamu ya mayai na divai, Renzo alimpelekea kahawa, akamkuta amepasuliwa kichwa kwa kinara cha shaba. Akamwinua, akalowa damu, na polisi hawakutafuta mtu mwingine.

Nilipomtembelea rumande aliniambia alichowaambia polisi. Kabla ya zabaione mmoja wa wageni, Wakili Sanmartino, aliinuka, akisema anakwenda kupiga simu. Wakabaki kumi na watatu. Unajua idadi hiyo mezani, kwao mkosi wa kifo, inavyowatetemesha. Markiza akamshika Renzo mkono, akamvika koti la marehemu mumewe, akamkalisha kwenye kiti kitupu mpaka wakili aliporudi. Hata zabaione alipakuliwa.

Kamishna Pautasso aliwauliza wageni mmoja mmoja, wakacheka. Baronesa mmoja alisema, “Mhudumu akae nasi? Kijana kaota, au kalewa divai yetu.” Wakili aliapa hakuinuka. Wengine hawakuwa wakimlinda yeye; waliona haya tu kusema wamekula bega kwa bega na mtu wa kukodiwa. Kwa haya hiyo mwanao angefungwa maisha.

Jana nikaenda kwa Markiza. Alinipokea amesimama, akaniambia waandishi huingilia mlango wa nyuma. Nikamjibu kwamba nimekuja kuhakikisha sentensi moja tu ya gazetini: kwamba mtu alipokuwa akiuawa nyumbani kwake, mezani kwake walikaa watu kumi na watatu.

Kuuawa kwa Vaglio hakukumtoa hata jasho. Hili lilimtoa.

“Mezani kwangu mimi? Bwana Gastaldi, una wazimu? Mama yangu hakukalisha kumi na watatu, wala bibi yangu. Wakili alipoinua makalio tu, nilimweka yule kijana.”

Nikamuuliza kama angelisema hilo mbele ya kamishna. Akasema hata mbele ya askofu mkuu. Pautasso, niliyekuwa nimemwacha ukumbini akivua koti, akaingia.

Wakili amekiri leo asubuhi. Vaglio alikuja kumwambia Markiza kwamba picha mbili alizouziwa na wakili ni za bandia.

Nami nakiri jambo, kwako peke yako. Sentensi ile haikuwa na gazeti la kuichapa. Mwenye gazeti letu alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne, na alicheka pamoja nao.

Renzo atafika kwako Jumamosi. Mchana huu Markiza ameniletea kadi: kiti cha wakili ki wazi, wamebaki kumi na watatu, je, nitakuja Alhamisi? Nimemjibu kwamba Renzo anakijua kiti hicho kuliko mimi. Renzo amekataa. Anasema zabaione yao ina maji.

Msalimie shemeji, na goti ulifunge sufu.

Kaka yako,
Ubaldo