Paka Atangulie Kuingia

Antalieptė, 3 Novemba 1996

Bibi Teklė mpenzi,

Shikamoo. Na huo mguu wako wenye vyuma nao shikamoo, maana sasa una thamani kuliko baiskeli yangu. Unaendeleaje huko hospitalini? Wanakulisha? Mimi ni mzima, nala viazi asubuhi, mchana na jioni. Jana niliwasha mshumaa kaburini kwa Babu, nikamsimulia ulivyoporomoka kwenye ngazi ya ghala ukifuata yai moja. Nadhani alicheka.

Shangazi Danguolė alikuja Jumapili na lile koti lake la manyoya, akasimama katikati ya jiko kama mkaguzi. Anasema nyumba imeshauzwa, wenyewe wapya wanaingia Pasaka, na kule Utena amekupatia nyumba ya chini isiyo na ngazi, chumba kimoja na jiko. "Inamtosha mzee mmoja," akasema, huku ananiangalia mimi. "Si ya wanyama, wala si ya vijana waliofukuzwa chuo." Nikamwambia sikufukuzwa, tulitofautiana tu na mwalimu kuhusu trekta lake na bwawa. Hakucheka.

Lakini wewe ulinambia kabla gari la wagonjwa halijaondoka: "Nitunzie wanyama mpaka Pasaka, halafu tutazungumza habari zako." Nimelishika neno hilo, Bibi. Baba yuko melini, bwenini wamenifungia mlango, sina pengine pa kulaza ubavu. Kwa hiyo jua wanyama wako wana daktari bingwa.

Sungura nilimnyanyua kwa masikio, akanipiga teke la tumbo, nikampa heshima yake. Yule ndege wako kanari anaimba. Paka wako Rainė ananidharau kama kawaida. Aliyenitisha ni kobe. Nimemkuta kwenye sanduku la majani kule shimo la viazi, baridi kama jiwe, hapumui. Mtu mwingine angemzika. Mimi nikampeleka kwenye bafu la mvuke, nikamlaza ubao wa chini. Mara akatoa kichwa! Bibi, mjukuu wako anafufua.

Mume wako wa pili,
Aurimas

*

Likėnai, 10 Novemba 1996

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mguu unauma ila unakunjika, na uji wa hapa hauna chumvi wala aibu. Nashukuru kwa mshumaa wa Babu yako.

Hukufufua kitu, mpumbavu wewe. Kobe alikuwa amelala. Hulala kila majira ya baridi tangu baba yako akiwa na meno ya utoto, na huamka mwenyewe. Sasa usimrudishe shimoni, ameshaamka mpaka tumbo. Mwekee beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, anywe. Mtundikie taa juu ya sanduku, mpe majani, si mkate na maziwa. Mshike kwa mikono miwili kando ya gamba, karibu na sakafu, maana akianguka gamba hupasuka. Kisha nawa kwa sabuni kabla hujagusa chakula chako. Nakujua.

Masikio ya sungura si mpini. Weka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, umkumbatie. Akirusha mateke akiwa hewani anaweza kuvunja uti wake mwenyewe. Kanari mtoe jikoni ukikaanga nyama, moshi unamuua, na dirishani penye upepo usimweke.

Rainė mtunze kuliko wote. Unajua mambo yetu. Nyumba mpya, paka ndiye anatangulia. Anaingia kwa miguu yake, habebwi wala hasukumwi, na pale anapojilaza ndipo kitanda kinawekwa. Mama yangu aliingia hivyo kwenye hiyo nyumba uliyomo. Bila paka mimi sivuki kizingiti cha Utena, Danguolė apende asipende.

Bibi yako

*

Antalieptė, 15 Desemba 1996

Bibi, mke wangu wa ujana,

Shikamoo. Theluji imefika magotini na mimi bado ni mzuri wa sura. Mguu unasemaje?

Kobe anaishi chini ya taa kama mtalii, ameshakula kabichi yangu yote. Sungura namkumbatia kama bibi harusi, hata yeye anaona haya. Kanari namfunika kitambaa jioni, mlango ukifunguka namkinga na upepo. Nikienda chuo cha wanyama mimi nitafundisha.

Tatizo ni Shangazi. Kapita tena jana, kashika pua: "Wananuka. Na wewe unanuka. Utena hawaingii." Ngoja tu. Nina mpango ambao utamfunga mdomo. Jumamosi nawasha bafu la mvuke, na anayetangulia ni Rainė.

Krismasi njema, nitakulia sehemu yako ya samaki.

Aurimas wako

*

Antalieptė, 18 Januari 1997

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Samahani kwa kuchelewa, wino uliganda.

Wote wazima. Rainė ndiye usiseme! Amenenepa, anakula vichwa vya samaki na kuguguna mifupa, amempiga dume la Mzee Bronius jirani mpaka likapanda mti, na siku hizi ananyunyizia mkojo pembe ya jiko. Nadhani ni uzee.

Mjukuu wako mtiifu,
Aurimas

*

Likėnai, 25 Januari 1997

Mume wangu,

Marahaba. Natembea kwa mkongojo sasa, mpaka dirishani na kurudi.

Rainė ni jike, nimeishi naye miaka mingi. Hajawahi kugusa samaki. Dume la Bronius ndilo lilikuwa likimpiga yeye. Na anayenyunyizia pembe za jiko namna hiyo, mara nyingi ni dume.

Huyo uliye naye ni nani?

Bibi yako

*

Likėnai, 20 Februari 1997

Aurimas,

Hujambo? Sijapata jibu. Mara hii sikuiti mume wangu, nakuita jina ulilopewa kanisani.

Kama Rainė amekufa, niambie. Nimezika mume, nitaweza kusikia habari ya paka. Nisichoweza ni kunyamaziwa. Danguolė alikuja jana, akaniuliza, "Si nilikwambia huyo mtoto hafai?"

Uliza majirani. Aibu haiui.

Bibi yako

*

Antalieptė, 27 Februari 1997

Bibi,

Shikamoo. Leo sina utani, au ninao kidogo tu.

Nilimwogesha Rainė. Nilitaka asinuke, Shangazi akose neno. Nikamchovya kwenye ndoo ya maji ya moto kiasi, na sabuni, akageuka msumeno. Alinipasua mkono toka kiwiko mpaka vidole, akatoka mlangoni na povu mgongoni, akaingia kwenye theluji. Nilimtafuta nimevaa taulo tu, waliopita wameona mengi. Sikumpata.

Chini ya ghala nikamkuta huyu mwingine. Ana mistari kama yake, sikio nusu limeliwa na baridi. Nikamwita Rainė, hakukataa. Nikasema Bibi macho hayamsaidii sana, atajuaje? Kumbe pua yako inafika huku kwa posta.

Kuuliza majirani niliogopa, wangekwambia. Barua yako ya pili ndiyo imenitoa nje. Nimegonga mlango wa kwanza tu, wa Mzee Bronius, na kafungua yeye mwenyewe. "Paka?" akasema. "Si huyo hapo? Tangu ile Jumamosi yako ya bafu. Alikuja kalowa, nikamfuta. Nilidhani umeniazima." Bibi, Rainė yuko juu ya jiko lake la matofali, amelala, masharubu yana malai ya maziwa! Nilimwita. Alinitazama, akahamia nyuma ya dohani.

Mkono ulivimba, nesi akanichoma sindano mahali ambapo si mkono.

Sasa sema wewe. Kama neno letu la Pasaka limekufa, niambie nitafute pa kwenda. Wanyama nitawatunza mpaka siku ya mwisho vyovyote vile.

Aurimas

*

Likėnai, 4 Machi 1997

Mume wangu mdogo,

Marahaba, na pole. Nimecheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwita nesi.

Paka haogeshwi kwa nguvu, ana ulimi wake. Ukikwaruzwa, palepale osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usingoje mkono uwe mkate.

Rainė mwache. Paka mzee aliyechagua jiko lenye moto na mzee mpweke, mimi ni nani nimhamishe? Mpelekee Bronius shati zuri la Babu yako, useme ni mahari.

Huyo dume mpe jina lake mwenyewe, halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo akamhasi, asije kuninyunyizia Utena. Mbebe kwenye kikapu chenye kifuniko, si kifuani.

Neno letu halijafa. Nilisema tutazungumza.

Bibi yako

*

Utena, 24 Machi 1997

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye sakafu ya nyumba yako, ni nzuri, ina bomba la joto linaloimba. Dume anaitwa Jenerali. Amehasiwa, alininunia siku nzima, tukasameheana kwa samaki.

Tulikuja na lori la Mzee Bronius. Kanari kafunikwa, sungura kwenye sanduku la nyasi, kobe mapajani mwangu. Shangazi alitusubiri mlangoni. Alikuwa ameshachora chaki sakafuni, kitanda chako chini ya dirisha. Nikamwambia, "Samahani Shangazi, hapa anapanga Jenerali." Nikafungua kikapu nje, nikarudi nyuma. Hata Shangazi alirudi nyuma, nilimwona.

Jenerali aliingia polepole, tumbo chini. Alinusa chaki, akapita. Akaenda ukuta wa ndani, mbali na dirisha, akazunguka, akajilaza. "Hapo hakuna upepo," Shangazi akasema kwa sauti ndogo, akaifuta chaki kwa kiatu. Kwa hiyo kitanda chako ni hapo.

Lakini Bibi, nakueleza yote, siku hizi nimeacha uongo, unachosha. Baadaye aliinuka. Akaingia jikoni, kwenye kona ya bomba nilikokuwa nimeweka koti langu, akajilaza tena. Bado yuko, anakoroma. Shangazi anasema cha kwanza ndicho kinahesabika. Wewe ndiye mwenye mila. Paka akilala mara mbili inakuwaje?

Leo nalala hapa kuwalisha. Kesho sijui.

Mjukuu wako,
Aurimas

*

Likėnai, 26 Machi 1997

Mume wangu,

Marahaba. Usijibu barua hii, Jumamosi naletwa. Chemsha mayai ya Pasaka na maganda ya vitunguu yawe mekundu, na usiyaonje.

Nimemuuliza Danguolė kwa simu ya nesi. Huyo hajawahi kusema uongo ili kukusaidia wewe, na amesema ndivyo ilivyokuwa, mara mbili.

Mama yangu hakunifundisha habari ya paka kulala mara mbili, kwa hiyo naamua mwenyewe. Akilala mara mbili, vitanda ni viwili. Nimemwambia Danguolė alete kile cha kukunja, kinaenea kona ya jiko. Jumatatu baada ya sikukuu utakwenda kumwomba radhi yule mwalimu wa trekta.

Na usiniambie mfukoni mwa koti lako mlikuwa na nini. Soseji naisikia harufu mpaka huku.

Bibi yako, mke wako